Sketi ya Msichana wa Tatu

Miaka sita nimeshona sketi za kijivu za ile shule ya wasichana yenye geti jeusi, shule ya serikali ambayo wazazi wa hapa mtaani wakiitaja hushusha sauti. Mwanafunzi mpya haandikishwi bila sare kamili, na fundi aliyeruhusiwa kuzishona ni mimi peke yangu. Kwa hiyo orodha ya waliochaguliwa ilipobandikwa, sikuwa na haraka. Sketi ya binti yangu ilikuwa imeshakamilika, na pindo nimeliacha pana, vidole vinne kamili, maana ana miguu mirefu na bado anakua.

Binti yangu tunamwita Wakili. Ukimwambia akaoge, atakuuliza ni kwa sheria gani. Alipata alama mia tatu sabini na mbili. Pale getini niliisoma orodha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kisha kwa kidole, mstari kwa mstari. Jina lake halikuwemo. Niliyemwona ni binti wa msusi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ameingia kwa mia tatu arobaini na moja. Mtoto huyo hesabu za sehemu alifundishwa na Wakili, kwenye kibaraza changu mimi. Nikajiambia hapa pana mkono wa mtu.

Nilifika kwenye dirisha la karani wa usajili nimevimba. Akanituma masjala, masjala wakanituma kwa makamu wa mkuu, makamu yuko kikaoni, rudi saa nane. Saa nane nikaambiwa fomu za malalamiko zimekwisha. Siku ya pili fomu zipo, mwenye muhuri hayupo. Nilipigwa danadana siku mbili nzima huku kazi za watu zimelala mezani. Mwishowe nikamwambia karani sibanduki pale mpaka nijue nani amepewa nafasi ya mwanangu.

Karani hakukasirika. Tunajuana, ndiye anayenisainia mzigo wa sare kila muhula. Alinyoosha kidole ukutani, kando ya dirisha.

"Fundi, soma hapo."

Ilikuwa karatasi ya manjano, imechakaa katikati. Imechakaa kwa sababu ni pale pale ninapoegemeza furushi langu kila ninapoleta sare. Miaka sita nimeiegemea, sijawahi kuisoma. Iliandikwa kwamba kila shule ya msingi hutoa wasichana wake watatu wa kwanza, basi. Karani akanieleza kuwa zamani shule mbili tatu za watu wenye uwezo zilikuwa zikijaza madarasa yote, na nyingine hazipati hata mtoto mmoja. Shuleni kwa Wakili walikuwepo watatu waliompita. Yeye alikuwa wa nne, kwa alama mbili. Kwenye shule ya msingi ya mtaani kwetu, alikosoma binti wa msusi, aliyeshika namba moja alikuwa na mia tatu hamsini.

Wakili alisoma hiyo shule ya mtaani mpaka darasa la tano, na aliyemtoa ni mimi. Nilisikia kwamba ile ya ng'ambo ya barabara kuu walimu wake ni wakali na watoto wanafaulu, nikahangaika muhula mzima mpaka nikampatia nafasi. Alilia siku tatu. Alitaka kubaki na wenzake, akanitolea hoja zake zote, na mimi nikamwambia anyamaze, iko siku atanishukuru. Nilimhamisha ili aipate shule ya geti jeusi. Angebaki alipokuwa, angeipata.

Nilitafuta wa kumlaumu nikamkosa. Hata utaratibu wenyewe, kila nikiufikiria, sikuuona ubaya wake, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Karani alinipa tumaini moja tu. Kama mmoja wa wale watatu hataripoti mpaka Ijumaa saa kumi jioni, nafasi yake itapewa wa nne wa shule hiyo hiyo. Akaandika namba yangu ya simu.

Nyumbani nilimwambia Wakili nusu ya habari, kwamba ni wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Aliniuliza utaratibu ukoje. Nikamweleza habari ya watatu watatu, harakaharaka. Kisha akauliza shule yake ya zamani wa kwanza alipata ngapi. Nikasema sijui, nikainamia cherehani.

Sasa fikiria nilivyokaa wiki ile. Hao watatu lazima wapite mikononi mwangu, maana hakuna pengine pa kupata sketi. Jumanne akaja wa kwanza na baba yake, nikampima kiuno, nikampima urefu, nikaandika kwenye daftari la vipimo. Jumatano akaja wa pili. Alhamisi hakuja mtu. Naona haya kusema nilichoomba usiku huo, lakini nilikiomba, kwamba mtoto wa watu awe amehamia mbali. Ijumaa asubuhi kimya. Saa sita kimya. Moyo ukaanza kunitulia, hata nikamwambia Wakili aliyekuwa akishikiza vifungo pale pembeni kwamba jioni tutakwenda wote pale getini.

Saa saba na nusu akaingia bibi mmoja amemshika mkono mjukuu wake, wote vumbi tupu. Barua ilikuwa imekwenda kwenye anwani ya zamani na kuwafikia jana. Yule msichana alipomwona Wakili alitabasamu, maana walikuwa wakikaa dawati moja. Ndiye wa tatu.

Nilitazama saa ukutani. Sketi ile naishona kwa saa moja.

"Kitambaa kimekwisha, mama," nikamwambia bibi. "Kingine kitakuja Jumatatu."

Jora zima lilikuwa chini ya meza, limenigusa mguu. Bibi hakulalamika. Aliuliza kama kuna mtu wa kuwaazima sketi kuukuu, nikasema simjui. Akaanza kuikunja ile barua, akaikosea, akaikunja tena. Nilihisi macho ya Wakili shingoni. Nikamkata jicho, lile ambalo mtoto wangu yeyote analielewa. Akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na sketi ya kijivu.

"Mama, hii ipo."

"Hiyo ni yako."

"Yangu ya wapi, mama? Wa tatu ni yeye."

Nilimchukia kwa dakika moja. Nasema kweli, nilimchukia mwanangu wa kumzaa kwa sababu alikuwa sahihi. Kisha nikachukua kiwembe nikafumua pindo. Yule msichana ni mfupi, ilibidi niongeze kulikunja vidole vinne vingine. Wakili alipiga magoti kuweka pini, akizunguka miguuni mwa mwenzake, na mimi nikashona mishono ambayo haikunyooka.

Bibi alikuwa na furaha ya kumwambia kila mtu. Alimuuliza Wakili na yeye mtihani amefanyaje.

"Nilikuwa wa nne, bibi."

"Wa nne! Hongera sana, mjukuu wangu," akasema bibi, akampigia makofi madogo. Wakili akamshukuru.

Waliondoka saa tisa kasoro, msichana amevaa sketi ile ile ili wasipoteze muda. Saa kumi ilifika na simu yangu iko juu ya meza, haikulia. Nilijua haitalia, lakini niliitazama. Wakili alikuwa anafagia vipande vya nyuzi sakafuni. Nikataka kumwambia ile nusu niliyoificha, badala yake nikaanza kukusanya pini mezani.

"Kule shule ya zamani ningekuwa wa kwanza, si ndiyo?" akauliza, bila kugeuka.

Nikasema ndiyo.

"Kwa alama ishirini na mbili," akasema, akaendelea kufagia.