Ulimi wa Catello

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2019. Tangu alfajiri mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha juu ya mashamba ya mizabibu ya Tramonti, na bajaji ya mizigo ya Pantaleone ilipanda mlima ikikohoa.

"Inakohoa kuliko wewe ulipokuwa hospitali," Pantaleone alisema.

"Ipeleke kwa daktari wangu. Naye ataichoma mionzi."

Pantaleone akacheka mpaka akakosea gia. Ilikuwa siku ya tatu ya safari yao. Alhamisi walikunywa mvinyo mweupe kule Furore, jana mwekundu kule Ravello, na kila mahali Pantaleone aliwatangazia watu kwamba rafiki yake amepona.

Catello hakuwa amepona. Mionzi iliua uvimbe wa koo na ladha pamoja. Daktari alimwambia ulimi unaweza kurudi ndani ya mwaka mmoja. Ukipita huo, asitarajie. Mwaka ulikuwa unatimia leo. Miaka arobaini yeye ndiye aliyetengeneza kileo cha malimau cha sikukuu ya Mtakatifu Trofimena kule Minori, na hakuna aliyethubutu kuziba chupa kabla yeye hajaonja. Alikuwa amesali novena saba, kila moja siku tisa. Mbinguni kulikuwa kimya.

Mwezi Agosti Pantaleone alipanda ngazi zote hadi kanisa la mlimani bila viatu, kwa ajili yake. Alirudi nyayo zikivuja damu, akauliza, "Vipi, ndugu yangu, unaonja?" Catello alizitazama zile nyayo, akasema ndiyo. Tangu hapo ikawa kazi: anamwacha Pantaleone anywe kwanza, anausoma uso wake, kisha anasema yale yale kwa maneno mengine.

Mama Ersilia, mjane mwenye shamba, aliwakaribisha jikoni. Walikunywa mvinyo wake mweusi wa mizabibu ya babu yake. Pantaleone akasema una ukali wa cheri. Catello akasema cheri, ndiyo, zile za mwanzo wa msimu. Mdomoni mwake kulikuwa na maji baridi tu. Moyoni alisema, Bwana, bado kuna mchana mzima.

Kisha Ersilia akaleta chupa ya njano ya kileo cha malimau. "Huyu mkwe wangu Loredana amekitengeneza mwenyewe, mara yake ya kwanza. Bwana Catello, hapa fundi ndiye anayeanza."

"Mgeni aliyeendesha aanze," Catello alisema haraka.

"Acha maringo, mzee!" Pantaleone akampiga begani. "Onja!"

Hapakuwa na uso wa kusoma. Alinywa. Alihisi baridi, akahisi moto wa spiriti, basi. Alikishikilia kinywaji ulimini muda mrefu, akiomba. Hakuna kilichokuja.

"Tamu," alisema. "Safi kabisa. Kama cha marehemu mama yangu."

Loredana akaona haya kwa furaha. Pantaleone akanywa, na uso wake ukajikunja kama ngumi. Alimtazama Catello, akameza kwa shida. "Kweli," alisema polepole. "Tamu."

Lakini Ersilia alikwisha kutema kwenye sinki. "Mama yangu! Chungu kama dawa ya minyoo! Loredana, ulimenya na ule weupe wa ndani?"

"Nilidhani ganda ni ganda, mama."

Hata mtoto wa Minori anajua kwamba ule weupe ndio uchungu wenyewe. Machozi yalikuwa yakimtoka Pantaleone, na hakuyafuta.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Ulimi haujawahi kurudi."

"Na mimi nilipanda mlima kuomba, kisha nikashukuru."

"Ndiyo maana sikuweza kukwambia."

"Subiri hadi sikukuu ya Novemba, ndugu yangu. Mungu hana kalenda."

"Mimi ninayo. Inaisha leo."

Catello alitoa mfukoni kisu chake kidogo cha kumenyea, ambacho mpini wake ulikuwa umelika kwa umbo la kidole gumba chake. Akakiweka mbele ya Loredana. "Menya njano tu, binti. Ukiona weupe, umekwisha kwenda mbali."

Kisha akasimama, mkono juu ya meza.

"Mama Ersilia, Loredana, na wewe Pantaleone, nyinyi ni mashahidi wangu. Mbele ya Mungu asiyenijibu, naahidi: sitamenya limau tena maisha yangu yote, na hakuna mtu nitakayemwambia tena kwamba ni kitamu kitu nisichoweza kukionja."