Mluzi wa Pampu Namba Mbili

Msusi alimwacha mteja kitini na kichwa kilichosukwa nusu, akatoka saluni saa nne asubuhi kwenda kugombana na baba yake kazini. Mteja alilalamika, na alikuwa na haki, maana heri kichwa timutimu kuliko kichwa nusu. Lakini hasira haziahirishwi kama nywele.

Kisa kilikuwa barua. Baba yake, ambaye majirani wote walimwita Mzee Pampu, alibakiza siku tisa astaafu kwenye kituo cha kusukuma maji, baada ya miaka thelathini na minane. Sharti la ofisi lilikuwa moja tu: atie sahihi kwamba mrithi wake anaiweza kazi. Akaletwa wa kwanza, Mzee akamfelisha. Akaletwa wa pili, akamfelisha. Sasa alikuwapo wa tatu, bwana mmoja mwenye upara na vyeti vitatu, ambaye Mzee alimbatiza jina la Diploma. Na ofisi ilikuwa imeandika: huyu naye akishindwa, Mzee ataendelea na kazi miezi sita zaidi.

Mama yake Msusi alisimulia kwamba Mzee aliisoma barua hiyo akinywa chai, akatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililomtoa Msusi saluni. Goti la baba yake lilikuwa limekwisha. Kwenda zilipo pampu ni ngazi arobaini na mbili chini ya ardhi, na kurudi ni zile zile, ila kurudi ndiko kurefu zaidi. Daktari alisema zitamtia kwenye magongo kabla ya mwaka kwisha. Mzee akamjibu daktari kwamba ngazi zile anazijua moja moja kwa tabia.

Na kosa la warithi wote lilikuwa lile lile. Mzee aliwasimamisha mbele ya pampu nne, akawauliza namba mbili inasemaje. Wakatazama mita, wakagusa beringi, wakajibu haina neno. Mzee akatikisa kichwa. Namba mbili ilikuwa inapiga mluzi, mwembamba kama wa mbu, na mtu asiyeusikia angekuja kuua watu kwa kiu. Mara mbili pampu ilifunguliwa, beringi nzima zikatupwa, zikawekwa mpya. Mzee akasema mluzi upo pale pale.

Msusi alishuka akinung'unika kila ngazi. Mzazi gani huyu? Siku ya harusi yake alifika watu wanakunja viti, ana grisi shingoni, akaeleza kwamba namba tatu iliamka vibaya. Unamtukana, halafu unafungua bomba la saluni uoshe kichwa cha mtu, maji yanatoka bila kuuliza swali, na tusi linakukwama kooni. Watu hufungua bomba kama wanavyofungua mdomo kupiga miayo. Msusi hakuweza. Yeye alijua nyuma ya kila ndoo kuna goti la mtu.

Shikamoo aliitoa, maana hasira si ruhusa ya kukosa adabu.

"Marahaba, mama. Umekuja wakati mzuri," Mzee alisema kwa sauti ya kushinda kelele. "Namfelisha mtu."

"Humfelishi, baba. Unatia sahihi, tunapanda, tunaondoka."

Diploma alimweleza kwa upole kwamba yeye alishatega sikio kwenye ile pampu mpaka sikio likaungua. Mzee akasema sikio la cheti ndivyo lilivyo. Kisha akamshika bintiye bega, akamsogeza mbele ya namba mbili. Huyu, alimwambia Diploma, alikuwa ananiletea chakula hapa hajajua hata a-be-che-de. Huyu atakwambia.

Msusi akasikiliza. Alizijua zote. Namba tatu na kikohozi chake, namba nne na uzito wake kama mtu anayepanda kitanda. Namba mbili ilikuwa inanguruma vizuri, imetulia. Mluzi hakuna. Akisema anausikia, amemwangusha Diploma na kulizika goti la baba yake. Akisema hausikii, ataambiwa naye amekuwa kiziwi kwa mashine za kukaushia nywele. Alikuwa bado anatafuta neno umeme ulipokatika.

Pampu zote nne zikapungua kasi, zikanyamaza. Ukimya ukawa mkubwa hata tone lililodondoka pembeni lilisikika. Diploma alikwishakimbilia swichi, anazizima moja baada ya nyingine, kama inavyotakiwa. Mzee akainua kidole, uso umemchangamka.

"Haya, kelele zimeisha. Sasa msikilizeni namba mbili anavyolia."

Msusi na Diploma wakatazamana. Mzee akawatazama, akaitazama pampu, akaiwekea kiganja. Ilikuwa imelala kama ng'ombe aliyeshiba. Kidole kilichokuwa hewani kikashuka polepole, kikaingia sikio la kulia, kikatoka, kikaingia tena.

"Bado unalia," alisema.

"Pampu zimezimwa zote, baba."

"Kumbe umo humu."

Diploma akageuka akaanza kufuta vali iliyokuwa safi, na Msusi akampenda kwa hilo. Ushindi alioufuata ulikuwa mkononi, na hamu nao hakuwa nayo. Mama yake alikuwa akilalamika miaka kumi sasa kwamba mumewe hasikii, lakini mume gani husikia? Wakamcheka, naye Msusi alicheka.

"Baba, maelfu ya watu wanaoga kwa sikio hilo," alisema.

"Usinirembe. Mimi si kichwa cha mteja."

Lakini alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akanyoosha goti, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu. Umeme uliporudi hakusimama. Alimuuliza Diploma anaanza na ipi.

"Na nne, mzee. Na vali naifungua polepole. Bomba la mtaa wa juu ni kuukuu, maji yakilipiga ghafla litapasuka."

"Nani kakwambia?"

"Wewe, juzi. Ulikuwa unanitukana, mimi nikawa nasikiliza."

Mzee akaomba kalamu, akatia sahihi juu ya goti bovu, kisha akalaumu kalamu kwa mwandiko.

Walipofika ngazi ya ishirini ilibidi wapumzike. Msusi alimshika kiwiko, mteja wake kamjia akilini na nusu kichwa chake. Mzee akainama, akampigia Diploma kelele kule chini: kila siku saa moja asubuhi ampigie simu, aiweke karibu na namba mbili, aisikilize mwenyewe.

"Baba! Utasikiliza kwa sikio gani?"

"La kushoto. La kulia nimemwachia mama yako."

Msusi akavuta pumzi, akamwambia anyanyue mguu, zimebaki ishirini na mbili.