Treni ya Jumapili Asubuhi

Rhydderch Pugh alikuwa mkulima kabla hajawa mheshimiwa, na ukimuuliza yeye, hata baada ya hapo. Alitoka Welisi angali kijana, yeye na mkewe Lowri, wakang'oa visiki vya Wisconsin, huko Marekani, mpaka viganja vikaota sugu. Wakapata shamba la ngano, ng'ombe wa maziwa, na kanisa lililohubiri kwa Kiwelisi kutwa nzima. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa wawili tu, na walipendana kweli, ingawa Lowri hakuacha kumgombeza kwa kuingia ndani na viatu vya zizini.

Watu wa kanisa ndio waliompeleka kwenye bunge la jimbo, kule Madison. Si kwa ufasaha, maana Kiingereza kilimkwama kooni. Walimchagua kwa sababu Jumapili kwake ilikuwa Jumapili: kuni hazikatwi, viazi vimemenywa tangu Jumamosi, na farasi hafungwi gari ila kwa safari ya ibadani. Akawaahidi kwamba atapeleka muswada wa kupiga marufuku treni siku ya Bwana. Akaupeleka kweli, na wabunge wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Jumamosi moja ya Februari, jioni, telegramu ikamkuta kwenye nyumba ya wageni. Ilitoka kwa Gwenllian, dada yake Lowri: mkewe kashikwa na kichomi kibaya, aje upesi. Treni ya jioni ilikwisha ondoka.

"Bahati yako, kesho asubuhi kuna nyingine," alisema Tighe, mbunge wa Kiairishi waliyelala naye chumba kimoja.

"Kesho ni Jumapili."

"Kwani mimi sijui kesho ni nini? Panda treni, mzee wangu! Mungu hakai stesheni kukagua tiketi."

"Walionichagua wanakaa. Treni ile inafika wakati watu wanatoka ibadani. Wataniona nikishuka."

"Wakuone! Mkeo anaumwa, bwana wee!"

Rhydderch akapiga moyo konde. Lowri si mtu wa kushindwa na kichomi, alijiambia. Kiliwahi kumlaza, akainuka. Tena Lowri huyohuyo ndiye angekuwa wa kwanza kumsema. Asubuhi akapiga magoti kando ya kitanda, na treni ilipopiga honi ya kuondoka, akaziba masikio. Jamani, mtu mzima na akili zake! Hakutoka mle chumbani.

Jumatatu akafika nyumbani, akakuta mapazia yote yameshushwa. Wazee wa kanisa walikuwa mlangoni, wamevaa nguo nyeusi. Mkubwa wao, Ebenezer Treharne, akamkumbatia huku machozi yakimtoka.

"Pole, ndugu yangu. Pole sana. Lakini umetuheshimisha! Tumewaambia vijana wote wamtazame Pugh: hata kwa msiba huu hakuivunja siku ya Bwana."

Rhydderch akamsukuma kando, akaingia jikoni. Gwenllian alikuwa ameketi karibu na jiko, macho yamevimba.

"Lini?" akauliza.

"Jana, jua linazama."

"Aliniulizia?"

"Shemeji, yaache hayo. Kaa kwanza, upate chai."

"Gwenllian, nakuomba. Niambie."

Gwenllian akafuta pua kwa pindo la aproni. Alikuwa na hasira naye, na alimhurumia pia, na hakujua aanze na lipi.

"Alitaka tumsogeze dirishani, aione barabara ya stesheni. Nikamwambia, dada, leo Jumapili, mumeo hapandi treni, si unamjua? Akacheka, maskini, na kile kicheko kikamchoma kifua. Akasema, 'Humjui wewe. Kwa ajili yangu atapanda.'"

Rhydderch akashika ukingo wa meza.

"Halafu?"

"Halafu treni ikaja, ikaenda. Watu wakapita barabarani, wewe hukuwamo. Akaniomba nimgeuze, aelekee ukutani. Hakusema neno tena."