Safu ya Nne

Katika ofisi ya kusajili vizazi nilimofanya kazi miaka thelathini na mmoja, hapakuwa na mtu asiyeijua kanuni ya safu ya nne. Safu ya kwanza ya kitabu ilikuwa ya jina la mtoto, ya pili ya wazazi, ya tatu ya lugha jina lilikotoka, na ya nne ya maana yake. Asiyeijua maana aache wazi, awaulize wenye lugha. Atakayejaza kwa kubahatisha ataiweka kalamu yake juu ya kitabu, wala hataandika humo tena. Kanuni hiyo niliitunga mimi.

Wenzangu waliniita Kamusi. Majina ya Kiarabu, ya Kiebrania, ya Kilatini na ya makabila ya mbali yote yaliletwa mezani kwangu, na karani wa mapokezi alizoea kuwaambia wazazi kwamba Kamusi huyajua hata majina ya majini. Nilijifanya sisikii. Kumbe nilisikia, tena kwa raha.

Siku moja alikuja mjane na mtoto wa kike wa wiki tatu. Mumewe, mpasua mawe aliyetoka nchi ya mbali, alifukiwa machimboni siku nne baada ya kumpa mtoto jina, kabla hajamweleza mkewe maana yake. Lugha ile sikuijua. Nilimwambia tutaiacha nafasi wazi, naye akainamisha kichwa. Mtu mmoja kwenye foleni akanong'ona, "Leo Kamusi kapotewa na ukurasa."

Watu wakacheka. Nikachovya kalamu, nikaandika: Nuru ya asubuhi. Mjane alilia kwa shukrani, nami nikayapokea machozi yale kama haki yangu.

Mwaka wa nane tangu siku ile ilifika barua ya shangazi wa mtoto. Kwao, jina la mzazi aliyekufa halitamkwi wala haliandikwi na wanawe mpaka wamwone kwa macho mjukuu aliyelirithi; hadi hapo hutaja maana yake tu. Kaka yake, kabla ya kufukiwa, alikuwa ametuma salamu kwamba mama yao amepata wa kulibeba jina. Jina la kaka mwenyewe halikunisaidia, kwa kuwa machimboni wageni waliandikishwa kwa majina waliyopewa na msimamizi. Basi shangazi aliuliza kama yumo mtoto ambaye jina lake maana yake ni Aliyesazwa. Nilipitia safu ya nne tu, ukurasa kwa ukurasa, nikajibu kwa muhuri kwamba hayumo.

Wakati huo mjane alikwisha kufariki, na mtoto alikuwa katika nyumba ya yatima, mitaa miwili kutoka mezani kwangu.

Alikuja ofisini akiwa na miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani, ameongozana na bibi mmoja mwenye fimbo. Mteja wa lugha ile alisikia fundi akiitwa jina lake, akapeleka habari kwao. Fundi aliniamkia kwa adabu, kisha akaomba shangazi yake, bibi yule, asomewe mstari wake kitabuni. Nikausoma.

Bibi aliegemea fimbo yake. "Hiyo nuru umeitoa kwa nani, baba?"

"Niliitunga, mama."

Fundi aliuangalia mwandiko wangu mzuri. Alieleza, bila kupandisha sauti, jinsi wenzake walivyokuja kuchukuliwa na ndugu zao mmoja mmoja, naye akibaki kuwatandikia vitanda wageni wapya. Kisha akasema, "Ungeacha wazi tu, baba."

Maji yakishamwagika hayazoleki.

Shangazi alimshika binti mashavu kwa mikono miwili, akalitamka jina la mama yake kwa mara ya kwanza tangu amzike. Sauti ilimkatika katikati, akalirudia.

Niliifuta kalamu kwa kitambaa, nikaiweka juu ya kitabu, nikasimama. Karani wa mapokezi aliketi kitini pangu, akakata mstari mmoja juu ya neno langu, akaandika alivyoambiwa na bibi. Safari hii hakunitania.