Mashabiki Waliolala Chali

Bendi ya Mawimbi ya Mpoano ilikuwa na bahati ambayo bendi nyingine zinaililia: kwa miaka ishirini na sita hakuna shabiki wake hata mmoja aliyeondoka kabla ya onyesho kwisha. Angeondokaje, naye kalala chali ndani ya jeneza, pamba puani?

Zamani, Hoteli ya Paradiso ilipokuwa hoteli kweli na si makazi ya popo, Ekow Bentil, kiongozi wa bendi, alipuliza tarumbeta kila Jumapili alasiri kando ya bwawa la kuogelea. Watu waliotoka Accra kuja kupunga upepo walipiga kelele, "Rudia! Rudia, Ekow!" Kisha wageni wakagundua fukwe nyingine, bwawa wakalirithi vyura, na bendi ikahamia misibani. Kazi haikukosekana, maana watu wa Mpoano wanakufa kwa bidii. Lakini maiti hasemi "rudia". Ekow alikuwa na miaka sitini na tisa, na alitamani kulisikia neno hilo walau mara moja tena kabla hajawafuata mashabiki wake.

Kwa hiyo Fiifi Eshun aliporudi kutoka London na pua yake mpya ya kuongelea, akainunua Paradiso na kuiita bendi ijaribiwe Jumapili mbele ya waalikwa, Ekow alinyoa ndevu mara mbili. Wakipendeza, kila Jumapili ni yao.

"Mzee Ekow," alisema Araba, mwimbaji wake, "tunakwenda kwenye dansi na haya mavazi meusi na mekundu?"

"Una mengine?"

"Sina."

"Basi tulia. Nyeusi ni heshima."

"Heshima ya nani? Kafa nani?"

"Araba, usinitie mkosi!"

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri ajabu. Kwenye viti vya mbele alikaa Fiifi, suti nyeupe pee, na pembeni yake mama yake, Nana Ekua, bibi wa miaka themanini na tisa. Fiifi alikuwa anatikisa mguu. Ekow akaona mambo si ndiyo haya! Akashika kipaza sauti, akafumba macho kwa raha, na mdomo ukajiendea wenyewe kule ulikozoea.

"Familia inawashukuru nyote mliokuja kumsindikiza mpendwa wetu, Bwana Fiifi Eshun. Ametutoka, lakini alituachia mengi."

Mpiga ngoma naye, mtiifu kupita kiasi, akaangusha mdundo wa maombolezo. Hapo waalikwa wangeweza kucheka, yakaisha. Lakini nao ni watu wa Mpoano. Safu nzima iliinuka, ikaanza kupita mbele kutoa pole kwa mikono, kuanzia kulia kwenda kushoto kama ipasavyo. Shangazi mmoja akaangua kilio. Watu wanne walishampa marehemu mkono na kumwambia ajikaze.

"Tokeni!" Fiifi alifoka, na pua ya London ikamtoka palepale. "Wachawi nyie! Tokeni hotelini kwangu!"

Ekow alipiga magoti kufunga tarumbeta kwenye mkoba wake. Aliona aibu, tena aibu ya kutaka ardhi immeze.

"Wewe Ekow," Nana Ekua aliita. "Mimi nikifa utanipigia wimbo gani?"

"Mama!" alisema Fiifi.

"Nyamaza, wewe si umeshakufa? Ekow, nimekuuliza."

"Ule wa Jumapili, Nana. Uliokuwa ukiucheza hapa bwawani."

"Nitausikia?"

"Hapana, Nana."

"Sasa mnasubiri nini? Pulizeni, mimi niko hapa."

Wakapuliza. Bibi alishika mkongojo, akasimama, akacheza kwa mabega, maana miguu ilishastaafu. Pale juu kabisa pumzi ilimkatikia Ekow, noti ikapasuka vibaya, lakini alikwenda mpaka mwisho. Misibani ilikuwa ikimpasukia hapohapo kila Jumamosi, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Nana Ekua alikunja uso.

"Umeharibu pale juu," alisema. "Rudia."

Ekow akajifuta macho kwa mkono wa koti la msiba, akarudia.