Saa Moja ya Moshi

Jumatano saa tisa alasiri, Josephina na mchumba wake Longinus walikuwa wamekaa kwenye benchi la studio ya Shamsi, mkabala na soko la Kasulu, wakisoma ubao wa bei. Josephina alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye cherehani yake, kipande cha chaki bado kimechomekwa nyuma ya sikio. Ubao ulikuwa umeandikwa kwa kalamu nyekundu: saa moja, saa nne, siku nzima. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno kwamba saa isiyolipiwa haitakumbukwa, na mteja asije kulalamika baadaye.

"Hayo ya chini siyo vitisho," alisema Shamsi huku akifuta lenzi. "Mtu anakuja mwezi umeshapita, ooh Shamsi, sikumbuki nilivyoingia ukumbini. Sasa mimi nifanyeje? Na mimi sikuwepo."

Ndivyo mambo yalivyokuwa Kasulu, na Kibondo pia, tangu kabla hawa wawili hawajazaliwa. Siku ya harusi, saa ambazo mpiga picha amelipwa zilibaki vichwani mwa wote waliokuwepo. Saa nyingine ziliondoka kama mvuke unavyoondoka sufuriani, na kesho yake asubuhi hazikuwepo. Picha za simu hazikusaidia. Ungejiona humo umecheka, usijue ulikuwa unacheka nini. Watu walikuwa wameshazoea, na walipanga harusi zao kwa kuangalia jambo hilo kama wanavyopanga kupanda maharage kwa kuangalia mvua.

Kamati ya harusi ilikuwa imepitisha saa nne. Mwenyekiti wake, Bwana Leonidasi, baba mdogo wa Longinus, afisa wa serikali huko Kibondo, alikuwa ameshazigawa: moja kanisani, tatu ukumbini.

"Mimi nataka saa moja jikoni," alisema Josephina.

Shamsi aliacha kufuta. "Jikoni wapi?"

"Nyuma ya ukumbi. Alfajiri, mama akiwa anapika."

"Dada yangu, kule hakuna mwanga."

"Moto upo," alisema Josephina.

Mama yake alikuwa akiishi Makere, na alikuwa amepika kwenye harusi za watu kwa miaka thelathini. Kamati zilimfuata kwa sababu wali wake haukuungua hata ukiwa wa watu mia nne. Aliondoka giza halijatoka, akarudi jioni ananuka moshi, mkononi ana mfuko wa ukoko wa pilau kwa ajili ya watoto. Watoto wakimuuliza harusi ilikuwaje, alisema hajui. Hakuna kamati iliyowahi kununua saa ya jikoni. Alikuwa na makovu kumi na moja ya mafuta mikononi, na hakuna hata moja aliloweza kusema lilitoka wapi.

Josephina mwenyewe alizaliwa kwenye harusi. Uchungu ulimshika mama yake akiwa nyuma ya jiko la watu wa Kagerankanda, na kesho yake mama aliamka nyumbani kwake akiwa na mtoto pembeni na mfuko wa ukoko. Alijua mtoto ni wake kwa sababu maziwa yalikuwa yanatoka. Kliniki walimwuliza saa aliyojifungua, akawaambia waandike asubuhi, kwa kuwa wapishi wanakuwa jikoni asubuhi. Alimpenda mtoto huyo kama alivyowapenda wadogo zake wanne waliozaliwa siku za kawaida. Lakini hao wanne alikuwa na la kuwasimulia.

Kikao cha mwisho cha kamati kilifanyika Jumapili baada ya ibada. Bwana Leonidasi alikuja kutoka Kibondo na suti yake ya vikao.

"Saa za ukumbini siyo zenu," aliwaeleza maharusi kwa upole, maana hakuwa mtu mkali. "Ni za wachangiaji. Mtu amenunua kabati, amelicheza kutoka mlangoni mpaka meza kuu. Mnataka asahau alivyolicheza?"

"Hapana, baba mdogo."

"Haya. Keki ni ya wajomba, wamegharamia wao. Hotuba ni yangu. Yenu ni ile ya kanisani. Hiyo mkitaka hata mkapigie picha kuku, shauri yenu."

Wajumbe walicheka. Josephina alimtazama Longinus. Longinus alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Rungwe Mpya, kijana mpole, ambaye akiba yake yote ilikuwa imegeuka kitanda, viti viwili na suti. Saa ya tano isingepatikana popote.

"Basi tutachukua hiyo," alisema Longinus. "Tuipeleke jikoni."

Katibu aliinua kalamu. "Niandike hivyo?"

"Mwanangu, utasahau kiapo chako," alisema Bwana Leonidasi.

"Cheti tutakuwa nacho. Na pete."

"Na mchungaji atakuwa amekula," aliongeza shangazi mmoja, "kwa hiyo ushahidi upo."

Wakacheka tena, katibu akaandika. Hakuna aliyependekeza kukodi wapishi ili mama wa bibi harusi apumzike siku hiyo. Wapishi wa kukodi walikuwa wameondolewa kikao cha kwanza kabisa, kwa sababu mama wa bibi harusi anajua kupika.

Siku ilipofika, Josephina alitoka kwa msusi saa kumi na moja alfajiri, kichwa kimefungwa kitambaa cha wavu, kanga mbili mwilini, akaenda nyuma ya ukumbi. Shamsi alikuwa ameshafika, anakohoa. Masufuria matano makubwa yalikuwa juu ya mafiga, na wanawake saba walikuwa wamesimama wima mbele yake, miko wameishika kama askari wanavyoshika bunduki, kwa sababu hawakujua wanatakiwa kufanya nini.

"Pikeni tu, akina mama," alisema Shamsi.

"Usilipige picha hilo sufuria," mama alisema. "Lina masizi."

"Mwache apige," alisema Zaitun, jirani yake wa Makere, aliyekuwa anamenya vitunguu. "Leo Mama Josephina atakumbuka. Kesho atatuambia nani alikuwa anaonja nyama kila baada ya dakika mbili."

"Kwani ni nani?"

"Si mimi."

"Basi ni wewe."

Josephina alivuta kigoda, akakaa miguuni kwa mama yake, akaanza kuchambua mchele uliobaki. Mama alimkataza, kucha zimepakwa rangi. Akaendelea kuchambua. Mafuta yalipoanza kulia mama alimwaga vitunguu, tone moja likaruka likamtua juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kushoto. Alilamba pale, akaendelea kukoroga. Josephina aliona, na Shamsi akabonyeza.

Moshi ulipogeuka kuwafuata, mama alisogea akasimama kati ya moshi na binti yake. Alisimama hivyo muda mrefu, mgongo kwenye moshi, akikoroga kwa mkono uliopinda nyuma.

"Mama, unaumia macho."

"Yamezoea."

"Umejuaje kama yamezoea?"

Mama alifikiri. "Kweli," alisema. "Sijui." Na wote saba wakacheka, hata Shamsi, ambaye machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kamera.

Saa kumi na mbili na robo Shamsi alifunga lenzi, akaenda kunywa chai.

Yaliyofanyika kanisani hayajulikani. Lazima palikuwa na nyimbo, kwa kuwa Josephina alifika ukumbini sauti imekauka. Lazima Longinus alilia kidogo, kwa kuwa picha moja ya mlangoni inamwonyesha ana macho mekundu na leso ya mtu mwingine. Pete zilikuwa vidoleni na cheti kilikuwa mfukoni kwa msimamizi.

Ya ukumbini wote wanayakumbuka vizuri. Kabati lilichezwa. Keki ilikatwa. Mama alikaa meza kuu na gauni la zambarau, na kila aliyemkumbatia alisikia manukato kwanza, kisha moshi. Bwana Leonidasi alisimama kutoa neno la shukrani. Alishukuru kwaya, dereva, mshereheshaji, waliopamba, mwenye jenereta, na jenereta yenyewe kwa kutozimika. "Na chakula nacho," alimalizia, "kama mnavyoona, kimepatikana." Watu wakapiga makofi, wakaenda kula chakula kilichopatikana.

Kesho yake asubuhi maharusi waliulizana.

"Ulisema nini kanisani?"

"Nadhani nilikubali," alisema Longinus. "Wewe?"

"Nadhani na mimi."

Baadaye, Josephina akitoka bombani na ndoo kichwani, Longinus alimsimamisha njiani akamwuliza upya kama anakubali. Alikubali bila kutua ndoo. Hayo waliyashika, kwa kuwa haikuwa tena siku ya harusi.

Wiki tatu baadaye albamu ikawa tayari. Bwana Leonidasi aliifungua wa kwanza. Alipofika kurasa za jikoni alizipitisha mbili mbili. "Hizi moshi umeziharibu," alisema. "Mngenisikiliza." Akatulia kwenye picha ya kabati.

Kisha mama alikuja Rungwe Mpya kuwatembelea. Alinawa mikono kabla ya kushika albamu. Hakwenda kwenye gauni la zambarau. Alikaa kwenye ile picha ambayo yeye amegeuza mgongo kwenye moshi, na binti yake yuko chini mbele ya miguu yake, kando ya mafiga, na sinia la mchele mapajani.

"Hii ninaikumbuka," alisema. "Goti la kulia lilikuwa linaungua. Zaitun alikuwa anaiba nyama."

"Yego, mama," alikubali Josephina.

Alikunja mkono wa blauzi akaonyesha kovu dogo, bado jekundu pembeni. "Hili ni lako." Akayatazama yale kumi na moja, moja baada ya jingine, kwa utaratibu, kama mtu anayepitia majina ya watu waliokuwa wakiishi naye nyumba moja bila kufahamiana. "Na haya, basi, yalikuwa hivi hivi."

Kisha akarudi kwenye picha, akaweka kidole mahali alipokaa Josephina.

"Kumbe pale chini pana joto namna ile," alisema. "Na wewe ulizaliwa pale. Hukulia?"

"Sijui, mama."

"Lazima nilisimama hivi. Nisingeuacha moshi ukupate."

"Lazima," alisema Josephina.

Mama alitikisa kichwa kukubali. Tangu siku hiyo, alipowasimulia watu kuzaliwa kwa watoto wake, alianza na Josephina, na alisimulia juu ya moshi, goti na mgongo, akisema wazi kwamba hayo ameyakadiria.

Kabla ya jioni simu yake iliita. Ilikuwa kamati ya harusi ya Kagerankanda. Walikuwa na watu mia tatu na hamsini Jumamosi. Mama aliwauliza wamenunua saa ngapi za picha. Walisema nne: moja kanisani, tatu ukumbini. Aliwauliza kama wamefikiria jikoni. Mwenyekiti alikuwa mtu mstaarabu, akasema wazo ni zuri sana, watalileta kikao kijacho, ila harusi ndiyo hiyo Jumamosi.

"Haya," alisema mama. "Nileteeni kuni kavu tu."

Jumapili asubuhi Josephina alikwenda Makere. Alimkuta mama ameamka, amekaa kizingitini, anautazama mkono wake wa kulia. Mezani kulikuwa na mfuko wa ukoko.

"Hili kovu la nani?" aliuliza mama.

Josephina alipiga magoti, akalitazama. Lilikuwa bichi, refu kama njiti ya kiberiti. Aliingia ndani akaleta asali, akampaka taratibu kwa ncha ya kidole.

"Watu wa Kagerankanda, mama. Jana."

"Aha," alisema mama. "Kilipatikana chakula?"

"Wanasema kilipatikana."

Mama aliusogeza mkono mdomoni akalipuliza lile jipya mpaka asali ikatulia. Halafu akaupuliza na mkono wa kushoto, pale kwenye kovu la harusi ya mwanawe, ingawa lile lilikuwa limeshapona.