Ukurasa Alioruka Mzee Pyo

Mzee Pyo alifundisha Kiingereza miaka thelathini pale Andong, Korea, kwa hiyo riwaya ya binti yake Yerim iliposhinda tuzo huko Ulaya, yeye hakutaka kitabu cha Kikorea. Alinunua tafsiri ya Kiingereza, ile ile iliyoshinda, akaitembeza mtaa mzima. Kuisoma ndiyo ilikuwa bado.

Sasa maji yalimfika shingoni. Yerim, ambaye hakukanyaga nyumbani miaka mitatu, alipiga simu: angekuja siku ya kutengeneza kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, ya msimu wa baridi, ila wawe wamekisoma kitabu. "Nitawauliza. Mkinidanganya, narudi na basi hilo hilo."

Siku ikafika. Mama Yerim alichuchumaa uani kati ya kabichi mia zilizolala kwenye chumvi usiku kucha, akizipaka pilipili. Mumewe alikaa kizingitini na miwani yake, akimsomea kile cha Kiingereza huku akikitafsiri kwa Kikorea. Hadithi yenyewe ilimsisimua mwili: binti amemzika mama yake akiwa hai ndani ya mtungi wa kimchi, na kila baridi ikiingia humfunua kumwomba ushauri. Mzee akaona amhurumie mkewe.

"Mama amekaa... karibu na mtungi. Anapunga upepo."

"Kwenye baridi hii?"

"Ni fasihi, Mama Yerim."

"Haya, mwalimu, endelea."

Akaendelea, huku akilainisha, mpaka akafika ukurasa mmoja, akaukodolea macho, akafunua mwingine.

"Umeruka," mkewe akasema bila kuinua kichwa.

"Nimeruka nini?"

"Baba mtu. Anafunua mtungi, anamwona mkewe mle ndani, anafunika taratibu, anarudi kwenye gazeti lake. Nimekisoma mara tatu, Baba Yerim, kwa Kikorea chetu hiki hiki. Huyo mama wa mtungini nimeshamzoea. Nilitaka nione huyo baba utamfanyaje."

Aibu ilimshika mzee. Mikono ya mkewe ilikuwa myekundu hadi viwikoni. Yeye miaka arobaini kazi yake ilikuwa kuonja. Akaweka kitabu chini, akavaa glavu za mpira za waridi, zikambana, akachuchumaa na kuanza kupaka kabichi.

Geti likalia. Yerim akaingia, begi bado begani.

"Baba, umesoma?"

"Nimesoma. Nilipofika kwa yule baba, nikaruka." Akaisugua kabichi kwa viganja vyote viwili. "Niliogopa kuwa ni mimi."

Yerim aliziangalia zile glavu, na kabichi aliyoivuruga. Akashusha begi, akachuchumaa kando yake.

"Ni wewe," akasema. "Lakini pilipili inapakwa jani kwa jani, Baba. Huoshi gari hapa."